Sura ya Saba: Kona Ambayo Kisu Hakifiki

Kwenye karatasi, kona ya ndani haigharimu kitu. Mchoraji anavuta mstari kwenda kulia, anavuta mwingine kwenda chini, inakutana, basi. Siku hizi hata rula haitaki. Kompyuta inamtobolea shimo la mraba katikati ya bamba la chuma, na kwenye skrini shimo hilo lina kona nne zilizonyooka bila dosari. Mchoro unatumwa karakana. Huko fundi anautazama, anaugeuza, anautazama tena, kisha anauliza: "Hizi kona mnazitaka hivihivi?"

Wateja wengi hudhani hapo fundi anatafuta njia ya kupandisha bei. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi anauliza kwa sababu ameshaona kwamba mchoro unadai kitu ambacho mashine yake, kwa maumbile yake, haiwezi kukitoa.

Mashine ya milingi, ambayo ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuchimba mashimo na mifereji kwenye chuma, hukata kwa kisu kinachozunguka. Kisu chenyewe ni kijiti cha chuma kigumu chenye meno ubavuni na kwenye ncha. Kinazungushwa kwa kasi huku kikitembezwa ndani ya chuma, na popote kinapogeuza njia ndani ya shimo kinaacha umbo la duara lake. Kisu cha kipenyo cha milimita 10 huacha kona yenye mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 5. Ustadi wa mwendeshaji haubadilishi hilo, wala bei ya mashine. Ukitaka mviringo wa milimita 3, funga kisu cha 6. Ukitaka wa 1, funga cha 2. Ukitaka sifuri, tafuta kisu cha kipenyo cha sifuri, nacho hakuna duka linalokiuza.

Basi si tutumie visu vidogo? Hapa ndipo hesabu inapokuwa katili. Kisu kimeshikwa upande mmoja tu, juu, na upande wa chini kinasukumwa na chuma kinachokikata, kwa hiyo hupinda. Kupinda huko hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu: kisu kikichomoza mara mbili zaidi, kinapinda mara 8. Kipenyo ni balaa zaidi, maana chenyewe kinaingia kwa kipeo cha nne. Punguza unene nusu, kisu kinapinda mara 16. Chukua kisu cha milimita 10 na kingine cha milimita 2, virefushe sawa, visukume kwa nguvu ileile, na kile chembamba kitapinda mara 625. Mchoro unaodai shimo la kina cha milimita 40 lenye kona za mviringo wa milimita 1 unamtaka fundi afunge kijiti cha milimita 2 kilichochomoza mara 20 ya unene wake. Fundi mzoefu huanza kushika roho kinapopita mara 4 au 5. Si kwamba haiwezekani. Inawezekana kwa kukwangua polepole, tabaka jembamba baada ya jingine, na visu kadhaa vitavunjika njiani. Muda huo na visu hivyo vina mtu wa kuvilipia.

Kuna jambo jingine ambalo mchoraji haoni mpaka asimame karibu na mashine na kusikiliza. Kisu kikipita kwenye ukuta ulionyooka, kinagusa chuma kwa kipande kidogo tu cha ubavu wake, na sauti yake ni mvumo mmoja. Kikiingia kona ambayo mviringo wake ni sawa kabisa na nusu kipenyo chake, ghafla kuta mbili zinakishika pamoja, na sehemu ya ubavu inayokata inaruka hadi robo ya mzingo au zaidi. Mvumo unageuka kuwa mlio wa kukereketa. Kisu kinatetemeka, na mtetemo huo unabaki umeandikwa kwenye chuma kama mawimbi madogo ambayo kidole kinayahisi kabla jicho halijayaona. Dawa yake ni rahisi, nayo iko mikononi mwa mchoraji: kama kisu ni cha milimita 10, asiandike mviringo wa 5, aandike 6. Milimita moja hiyo inakipa kisu nafasi ya kupinda njia taratibu badala ya kufika, kusimama na kugeuka. Ukiona mchoro wenye kona za 6 au 6.5 badala ya 5, jua aliyeuchora amewahi kuvaa ovaroli.

Yote hayo yanahusu kona za wima, pale ukuta unapokutana na ukuta. Pale ukuta unapokutana na sakafu ya shimo, kisu chenye ncha bapa hutoa kona kali bila taabu. Ndiyo maana fundi huugeuza mchoro mkononi: anatafuta kama kipande kinaweza kulazwa ubavu ili kona iliyokuwa ya wima iwe ya sakafu. Mfereji ulio wazi pande mbili unakubali ujanja huo. Shimo lililofungwa pande zote nne halikubali.

Likishindikana hilo, linabaki swali ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuulizwa kabla ya mengine yote: kinaingia nini humo?

Mara nyingi kinachoingia chenyewe hakina kona kali. Beringi ya namba 6205, inayopatikana kwenye mota za umeme na mashine nyingi za kawaida, ina tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje cha 52. Ipitishe kidole ukingoni: imelainishwa, na kiwango kinataka ulaini huo usipungue milimita 1. Maana yake nyumba ya beringi inaruhusiwa kuwa na mviringo wa hadi milimita 1 pale ukuta unapokutana na bega, na kisu cha kawaida cha kukereza chenye ncha ya mviringo wa milimita 0.8 kinatosha. Mviringo ukizidi hapo, beringi itapanda juu yake badala ya kukaa begani, na haitachukua muda kuanza kulia. Lakini aliyeandika "kona kali" kwenye mchoro wa nyumba hiyo amedai kitu ambacho beringi yenyewe haitakigusa kamwe.

Na kama kinachoingia ni kipande cha mraba kweli, chenye kingo zilizonyooka? Hata hapo kona kali si lazima. Kinachohitajika ni kipande kikae kwenye kuta, na kona isikizuie. Fundi hutoboa tundu dogo kwenye kila kona, likizidi kidogo nje ya mistari ya mraba, kisha anachimba shimo kwa kisu cha kawaida. Kona zinatoweka, mahali pake kuna vishimo vinne vya duara, na kipande cha mraba kinashuka ndani na kukaa kwa kuta zake nne. Wapo wanaoona vishimo hivyo vinachafua kazi. Mimi naona ni kazi safi, maana inaonyesha wazi ni wapi vipande vinagusana na ni wapi havigusani.

Wateja wanaodai kona kali kwa sababu halali wengi wao wanadai njia ya kii. Shafti na puli, au shafti na gia, hufungamanishwa na kipande kidogo cha chuma, kii, kinacholala nusu ndani ya shafti na nusu ndani ya tundu la puli ili viwili hivyo vizunguke pamoja. Upande wa shafti hauna shida: kisu cha milingi huchimba mfereji wenye miisho ya mviringo, na kwa kuwa mfereji una miisho ya mviringo, viwanda vikatengeneza kii chenye miisho ya mviringo. Hapo chombo kilishinda mchoro, na hakuna aliyelalamika. Upande wa puli ndio mgumu. Mfereji unapita ndani ya tundu, kutoka uso huu hadi ule, na kisu kinachozunguka hakina pa kuingilia.

Kwenye karakana ndogo, kama zile za Gerezani jijini Dar es Salaam, kazi hii hufanywa kwenye mashine ya kukereza ikiwa imezimwa. Ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani umeme umekatika. Puli ya chuma cha kusubu imebanwa kwenye taya tatu, na taya zimezuiwa zisizunguke. Kwenye kiti cha kisu kimefungwa kipande cha chuma cha visu kilichonolewa mraba kwa mkono, makali yake yakitazama ukuta wa tundu. Fundi anashika gurudumu la mkono linalosogeza kiti, anajipanga miguu, anasukuma. Kisu kinaingia kwenye tundu kikikwangua mstari mmoja, na unga mweusi wa chuma cha kusubu unamwagika kwenye reli. Anarudisha, anaongeza kina kidogo mno, anasukuma tena.

Mteja ni kijana mwenye mashine ya kusaga mahindi, na puli ya zamani iko mkononi mwake.

"Shikamoo fundi. Hiyo njia ya kii naomba kona zake zitoke kali kabisa. Hii ya zamani ilikuwa inacheza."

"Marahaba. Ilicheza kwa upana, mwanangu, haikucheza kwa kona. Kii chenyewe kiko wapi?"

Fundi anakichukua kii, anakipima kwanza kwa jicho kisha kwa kalipa, na kukipitisha ukingoni kwa ukucha. Kingo zimechongwa kidogo, kama zinavyopaswa kuwa. Kwa shafti ya zaidi ya milimita 30 hadi 38, kiwango cha Ujerumani cha DIN 6885 kinataka kii cha upana wa milimita 10 na kimo cha 8, kinachozama 5 ndani ya shafti na 3.3 ndani ya puli. Kwenye kona za mfereji kiwango hichohicho hakitaki ukali. Kinataka mviringo wa kati ya milimita 0.25 na 0.40. Kinachosukuma ni mbavu za kii. Zikilegea, kii kinagonga kila mashine inapowaka, na kila kugonga kunapanua mfereji. Kona ingekuwa kali namna gani, isingezuia hilo.

Kina cha 3.3 kikikatwa milimita 0.05 kila msukumo kinadai misukumo isiyopungua 66, na kwa kuwa kisu ni chembamba kuliko mfereji, hiyo ni kwa mstari mmoja tu. Mbavu humaliziwa kwa tupa. Si tupa yoyote: ni ile ambayo ubavu wake mmoja umeachwa bila meno, ili inapolainisha ukuta isiule ukuta wa pili. Kwa kupiga tupa hiyo upande mmoja kisha mwingine, mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kufikisha kona mahali ambapo milingi haitafika kamwe. Ni mojawapo ya kazi chache za karakana ambazo mkono bado unaishinda mashine, ila mkono unauza saa zake.

Kusukuma kisu mbele na nyuma badala ya kukizungusha ni wazo la zamani, na limewahi kuwa na mashine zake. Mwaka 1836 Mskoti James Nasmyth, ambaye baadaye alipata sifa kwa nyundo ya mvuke, alitengeneza mashine ambayo mkono wake wa chuma ulikwenda na kurudi ukikwangua chuma kwa kisu kimoja. Dada wa mashine hiyo, wa wima, mwenye kisu kinachopanda na kushuka, aliundwa kwa ajili ya kazi kama hii ya njia za kii. Mashine hizo zilijaa viwandani kwa zaidi ya karne moja, kisha milingi ikazisukuma pembeni kwa kuwa zinapoteza sehemu ya muda wake zikirudi mikono mitupu. Katika vyuo vingi vya ufundi bado utaziona pembeni, zimepakwa grisi. Mimi nisingeziuza kama vyuma chakavu.

Kiwanda chenye puli elfu moja za kuchonga hakisukumi kwa mkono. Kinatumia upanga wenye meno yaliyopangwa kwa akili: fimbo ndefu ya chuma kigumu yenye meno mengi mfululizo, kila jino likiwa limeinuka kuliko la mbele yake kwa sehemu chache za mia za milimita. Fimbo inasukumwa au kuvutwa ndani ya tundu mara moja tu, kila jino linachukua ukoko wake, na jino la mwisho linapotoka mfereji uko tayari na kona zake. Kona hizo ni kali kwa sababu meno hayazunguki. Fimbo moja hukata upana mmoja tu, na ukikosea kuiingiza ikakatikia ndani ya puli, umepoteza vyote viwili.

Watu hawakukata tamaa ya kuzungusha, hata hivyo. Franz Reuleaux, Mjerumani wa karne ya 19, alilichunguza umbo la pembetatu yenye mbavu zilizotuna ambalo upana wake ni uleule kila upande unapolipima. Ukiliviringisha ndani ya mraba, linagusa kuta nne muda wote na kufagia karibu asilimia 98.8 ya eneo lote. Mwaka 1914 mhandisi Mwingereza Harry Watts, aliyekuwa akiishi Pennsylvania nchini Marekani, alitumia wazo hilo kubuni keekee inayotoboa matundu ya mraba. Inafanya kazi kweli, ila kitovu chake lazima kiyumbe kwa njia maalumu, na ile asilimia moja na kidogo inayobaki iko palepale tunapoitaka, kwenye kona. Hesabu haikutaka kutuachia.

Kuna kisu kingine chenye umbo la pembe sita kinachoinamishwa kwa nyuzi 1 hivi, kikazungushwa pamoja na kipande huku kikisukumwa ndani ya tundu lililokwisha kutobolewa. Kwa sababu ya kuinama huko, kona zake zinaingia kwenye chuma kwa zamu, na tundu la duara linageuka la pembe sita ndani ya sekunde chache. Kinazunguka, lakini hakikati kwa kuzunguka. Lakini boliti unazofungua kila siku kwa ufunguo wa pembe sita, sehemu kubwa hazikukatwa hata hivyo. Zilifinyangwa zikiwa baridi: nyundo ya umbo la pembe sita iligongwa kwenye kichwa cha boliti mara moja. Kona za ndani nyingi zaidi duniani pengine ni hizo, na hakuna kisu kilichozigusa.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba tatizo ni la kukata tu, na chuma chenyewe hakina maoni. Kinayo.

Mwaka 1898 Mjerumani Ernst Gustav Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba linalovutwa, likiwa na tundu la duara, hupata kwenye ukingo wa tundu hilo mkazo mara 3 ya ule wa sehemu nyingine. Mwaka 1913 Charles Inglis wa Cambridge alirefusha hesabu hiyo kwa matundu ya umbo la yai, na andiko lake lilitaja waziwazi nyufa na kona kali. Tundu refu mara 10 ya upana wake, likiwekwa kukingama na nguvu inayovuta, linazidisha mkazo mara 21 kwenye ncha zake. Kadiri ncha inavyochongoka ndivyo mkazo unavyopanda, na kwenye kona kali kabisa hesabu inatoa jibu lisilo na mwisho. Chuma halisi hujiokoa kwa kulegea kidogo pale pale kwenye ncha, kwa hiyo mara moja hakivunjiki. Lakini kikivutwa na kulegezwa, kikavutwa na kulegezwa, ufa unazaliwa hapo.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet yenye alama za usajili G-ALYP iliondoka London ikielekea Johannesburg, ikiwa ndiyo safari ya kwanza ya ratiba ya ndege ya jeti ya abiria. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, kisha Entebbe, na baadaye Livingstone. Watu wa Uganda waliotoka kuitazama waliona chombo cha kisasa kuliko vyote vilivyokuwa vikibeba abiria angani. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwa ndani wakafa. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine ilianguka baharini kusini mwa Naples, wakafa 21.

Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walichukua Comet ya tatu, wakaizamisha kiwiliwili ndani ya tangi la maji, wakawa wanaijaza maji kwa shinikizo na kuyapunguza, kana kwamba inapaa na kutua. Baada ya mizunguko kama 3,000, ukijumlisha na safari zake za kweli, ngozi ya ndege ilichanika kuanzia kwenye kona ya tundu la kiwiliwili. Mabaki ya G-ALYP yaliyovuliwa baharini yalionyesha ufa ulioanzia kwenye tundu la msumari karibu na kona ya dirisha la antena, juu ya paa. Ndege hiyo ilikuwa imefanya safari 1,290 tu za kujazwa hewa.

Hadithi hii husimuliwa kwa kusema madirisha yalikuwa ya mraba. Hayakuwa mraba kamili. Yalikuwa na mviringo kwenye kona, lakini mdogo mno kwa mzigo uliokuwapo, na mkazo halisi pale ulikuwa mkubwa kuliko wahandisi walivyokadiria. Tena matundu ya misumari yalitobolewa karibu na kona hizohizo, kona ndani ya kona. Madirisha ya Comet zilizofuata yalibadilishwa umbo, na miaka michache baadaye Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likawa miongoni mwa walioruka nazo. Ukiketi dirishani kwenye ndege yoyote leo, angalia umbo la kioo.

Kwa hiyo shafti ikikatika, mafundi huangalia kwanza mwisho wa njia ya kii, au bega ambalo fundi aliyetangulia alilikereza kali kwa kutaka sifa.

Bado kuna kazi ambazo kona kali haziepukiki. Kalibu ya kumwagia plastiki ya kisanduku chenye kingo zilizonyooka lazima iwe na kona za ndani zilizonyooka. Kibonyezo cha kukatia bati chenye tundu la umbo la nyota lazima kiwe na ncha za nyota. Na vyuma vya kazi hizo huwa vimeshapikwa vikawa vigumu kiasi cha kuzivunja tupa. Hapo karakana za leo huacha visu na kutumia cheche.

Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, mtu na mkewe, Boris na Natalya Lazarenko, walikuwa Urusi ya Kisovieti wakichunguza kwa nini vidude vya tangsteni vinavyokata na kuunganisha umeme huliwa na cheche. Walivizamisha ndani ya mafuta wakitumaini kuvihifadhi. Viliendelea kuliwa, ila cheche ndani ya mafuta zilikuwa na utaratibu zaidi. Wakaacha kuzizuia na kuzipa kazi. Kama cheche zinakula chuma, na ugumu wa chuma haujalishi, basi unaweza kuchonga chuma kigumu kwa kitu laini.

Njia hiyo inaligeuza tatizo ndani nje. Elektrodi ya grafiti au ya shaba nyekundu inachongwa kwa umbo la shimo linalotakiwa, kisha inashushwa polepole kwenye kipande ndani ya mafuta, bila kukigusa, huku maelfu ya cheche zikiruka katikati na kila moja ikiyeyusha chembe. Kona ya ndani ya shimo ni kona ya nje ya elektrodi, na kona ya nje ni rahisi: nyuso mbili bapa zinakutana, milingi inaziweza. Tatizo ni kwamba cheche zinaila elektrodi nayo, na zinapenda kuila kwenye kona kwanza. Fundi huandaa elektrodi mbili au tatu, moja ya kuchimba na nyingine za kumalizia.

Kama tundu linapita upande wa pili, waya wa shaba ya manjano hufanya vizuri zaidi. Waya wa kawaida una unene wa milimita 0.25, unapita mfululizo kutoka gurudumu hadi gurudumu ndani ya maji yaliyoondolewa chumvi, na kukata chuma kwa cheche kwa kufuata njia iliyoandikwa kwenye programu. Kwenye kona ya ndani nao unaacha mviringo, maana nao ni duara: nusu ya unene wake na mwanya wa cheche, jumla kama milimita 0.15. Kwa macho hiyo ni kona kali. Kwa darubini ni mviringo safi kabisa.

Cheche hazitoi bure. Chuma kilichoyeyuka na kuganda tena juu ya uso huacha ngozi nyembamba, ngumu na yenye kukatika, mara nyingi ikiwa na nyufa ndogondogo tayari. Yaani chombo kinachotupa kona kali kuliko vyote kinaipaka kona hiyo kitu kilekile kilichoiangusha Comet. Kwenye kalibu ya plastiki hilo linavumilika. Kwenye kipande kinachobeba mzigo wa kwenda na kurudi, ngozi hiyo lazima iondolewe, kwa mipito ya mwisho ya cheche hafifu au kwa kusugua.

Watengenezaji kalibu wakongwe wana njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote: hawaichongi kona kabisa. Wanakata kalibu vipande, wanasaga kila uso uwe bapa, kisha wanavibana kwa boliti. Nyuso mbili bapa zikikutana, kona ya ndani inapatikana ikiwa kali kadiri ya usagaji wenyewe, na hakuna kisu kilichoingia humo. Gharama imehamia kwenye kiungo. Plastiki iliyoyeyuka, ikisukumwa kwa shinikizo, hupenya mwanya wa sehemu chache tu za mia za milimita na kuacha utando mwembamba kwenye kila kisanduku kinachotoka, kwa hiyo nyuso hizo lazima zisagwe mpaka mwanya uwe mdogo kuliko hapo, na boliti zikazwe zisilegee kalibu inapopata moto na kupoa mchana kutwa. Mteja akiuliza bei, fundi humwonyesha kiungo hicho kwanza.